Ni I, ni l au ni 1? Namna ya kuchagua fonti isiyokuchanganya

Mwaka 1979 wakuu wa vipimo duniani walikutana Ufaransa na kufanya jambo ambalo si kawaida yao: walilegeza kanuni. Katika mfumo wa kimataifa wa vipimo, alama ya kipimo huandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa kipimo kiwe kimepewa jina la mtu. Ndiyo maana mita ni m na gramu ni g, lakini wati ni W kwa heshima ya James Watt, na niutoni ni N kwa heshima ya Isaac Newton. Lita haikutokana na jina la mtu yeyote, kwa hiyo ilipaswa ibaki l. Tabu ni kwamba ukiandika 1 l kwa mashine nyingi za chapa, msomaji anaona kumi na moja. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule wa 16, ukakubali herufi kubwa L itumike pia. Mpaka leo alama zote mbili ni halali.

Kama watu wanaoishi kwa usahihi wa vipimo waliona afadhali wavunje utaratibu wao kuliko kuendelea kugombana na herufi moja, sisi wengine tuna haki ya kulalamika kidogo.

Tazama hizi nne: I l 1 |. Ya kwanza ni i kubwa. Ya pili ni L ndogo. Ya tatu ni tarakimu moja. Ya nne ni ule mstari wima ambao watengeneza programu wanautumia sana na wengine wote hawaugusi. Fonti unayosomea makala haya imechaguliwa na simu au kompyuta yako, si mimi. Kama unaona mbili kati ya hizo nne ni kitu kimoja, tatizo liko mbele ya macho yako tayari. Ongeza O na 0, kisha 5 na S, 8 na B, 2 na Z, 6 na G. Halafu kuna zile zinazojificha wawili wawili: r na n zikisogeleana zinakuwa m, c na l zinakuwa d, v mbili zinakuwa w. Matapeli wa barua pepe wanaifahamu vizuri hiyo ya r na n. Anwani inayoanza na rnicrosoft inasomeka sawa kabisa mtu akiwa na haraka.

Lawama si za kompyuta peke yake. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1 kabisa. Mpigachapa alifundishwa kutumia L ndogo, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kwenye karatasi zilifanana na anayesoma alikuwa mtu. Wapo waliotumia O kubwa mahali pa sifuri vilevile. Kizazi hicho kilipokaa mbele ya kompyuta kilikuja na mazoea yake, na kompyuta ikakataa: kwake, l ina namba yake kwenye orodha ya alama na 1 ina nyingine, hata kama kwenye skrini ni mapacha.

Chanzo cha pili ni mitindo. Herufi za vitabu vya zamani zilikuwa na vijistari kwenye ncha zake, ambavyo wachapaji huviita serifi. I ilikuwa na kofia juu na kikanyagio chini, kwa hiyo haikuweza kuchanganywa na l kirahisi. Karne ya 20 ikaleta hamu ya kupogoa. Gill Sans ya mwaka 1928, Helvetica ya 1957, Arial ya 1982: kila moja kwa namna yake iliondoa vijistari hivyo na kuacha mifupa mitupu. Mfupa wa I ni mstari wima. Mfupa wa l ni mstari wima. Kwenye Gill Sans hata 1 ni mstari wima, na ukiandika I l 1 mfululizo unapata uzio wa nguzo tatu. Kwa bango la dukani au jalada la kitabu ni umbo zuri sana, na sina ugomvi nalo. Ugomvi unaanza umbo hilohilo linapopewa kazi ya kubeba namba ya akaunti.

Maneno yanajisaidia, misimbo haijisaidii

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea wanapotafuta fonti. Wanauliza fonti ipi inasomeka vizuri, kana kwamba kusoma ni kazi moja. Ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kiswahili chenyewe kinatupa mfano mzuri. Vitenzi vyetu vingi mwanzoni mwa sentensi huanza na Ili: Ilikuwa, Ilitokea, Ilibidi, Ilipofika. Kwenye Arial, herufi mbili za mwanzo za maneno hayo ni mistari miwili inayofanana, kana kwamba neno linaanza na l mbili. Hakuna msomaji anayejikwaa. Lugha haina neno linaloanza hivyo, na ubongo umeshasoma Ilikuwa kabla jicho halijapata nafasi ya kukagua nguzo. Tunaposoma maneno tunabashiri muda wote, na muktadha unaturekebisha bila sisi kujua. Kwa hiyo riwaya, barua au habari ikiandikwa kwa fonti yenye I na l zinazofanana, hasara ni ndogo sana.

Sasa mpe kompyuta kazi hiyohiyo. Piga picha kurasa za kitabu cha zamani, uzipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi. Hapa itakuandikia llikuwa kwa l mbili, kule 1likuwa kwa tarakimu, pengine patatoka sawa. Kwa jicho faili linapendeza. Ukitafuta neno Ilikuwa ndani yake, baadhi ya kurasa hazijitokezi, na hutajua kwamba hazijajitokeza.

Na mpe binadamu kitu kisicho na muktadha: nywila ya kuunganisha intaneti, namba ya serijali ya kifaa, namba ya vocha, jina la faili, tiketi ya kielektroniki. Kwenye aX0lO1Il hakuna cha kubashiri. Kila alama inasimama peke yake, na ukikosea moja umekosea yote. Ubaya wake ni kwamba ubongo hauachi kubashiri kwa sababu tu hauna cha kubashiria; unachagua jibu moja, unaliamini, kisha unalaumu mtandao.

Mfano ambao umewasumbua watu wa hesabu ni wa jedwali. Mtu ananakili kiasi kutoka kwenye karatasi, na badala ya 20500 anaandika 2O500, yaani herufi O imekaa mahali pa sifuri ya kwanza. Kwenye Excel, seli hiyo si namba tena, ni maneno. Fomula ya SUM inapojumlisha safu nzima inairuka kimya kimya, na jumla inatoka pungufu. Hakuna onyo jekundu. Dalili pekee ni kwamba namba huegemea kulia mwa seli na maneno huegemea kushoto. Kama kuna mtu alishapanga kila kitu katikati ili jedwali lipendeze, hata dalili hiyo imefutwa. Kwa fonti ambayo O ni pana na ya mviringo na 0 ni nyembamba au ina alama ndani, kosa hilo linaonekana ukipitisha macho mara moja.

Msimamo wangu basi ni huu: usitafute fonti moja ya kutumia kwa kila kitu. Andika maneno kwa fonti unayoipenda, na misimbo kwa fonti inayotofautisha. Hata ndani ya ukurasa mmoja. Aya ya maelezo inaweza kuwa kwa fonti ya kawaida, na nywila iliyo chini yake ikawa kwa fonti nyingine, kubwa kidogo, yenye nafasi kati ya alama.

Cha kukagua kwenye fonti

Anza na watatu wakorofi, I, l na 1. Fonti nzuri kwa kazi hii humpa kila mmoja kitambulisho chake. I inapata vijistari juu na chini, hata kama herufi nyingine zote za fonti hiyo hazina. l inapata mkia unaopinda kulia chini. 1 inapata bendera ya mshazari juu na mara nyingi kikanyagio chini. Si lazima vyote vitatu. Viwili vikifanyika vizuri, cha tatu kinajulikana kwa kutokuwa na alama. Usitosheke na fonti inayotofautisha kwa urefu tu, kwa mfano l ikiwa ndefu kidogo kuliko I. Tofauti hiyo unaiona zikikaa pamoja. Herufi ikiwa peke yake katikati ya msimbo, huna cha kulinganisha nacho.

Sifuri ina historia ya vurugu kidogo. Enzi programu zilipokuwa zikiandikwa kwa mkono kwenye karatasi kabla ya kupigwa kwenye kadi za matundu za kompyuta, kila mtu aliona haja ya kuweka alama, lakini hawakukubaliana iwekwe wapi. Wapo waliokata sifuri kwa mkato wa mshazari, na wapo waliokata herufi O wakaiacha sifuri. Unaweza kufikiria karatasi ya kituo kimoja ikifika kwenye kituo kingine. Mwishowe mkato ulibaki kwa sifuri. Hata hivyo wenye Kidenishi na Kinorwe wana herufi halali ya Ø, na kwao sifuri yenye mkato inafanana na herufi ya alfabeti yao, kwa hiyo baadhi ya wabunifu waliona afadhali waweke nukta katikati. Nukta nayo ina kasoro yake. Kwenye skrini hafifu na maandishi madogo, pikseli za ndani zinajaa na sifuri inaanza kufanana na 8. Mkato pia unaweza kujaa hivyo, ila kidogo zaidi unavumilia. Ukiwa na skrini nzuri, chagua unachopenda. Ukiwa na printa inayokaribia kuishiwa wino, ningechagua mkato.

Kwenye barua na makala, mimi sipendi sifuri yenye mkato. Mwaka 2000 ulioandikwa kwa sifuri tatu zilizokatwa unapiga kelele katikati ya aya, na hakuna anayeweza kuusoma vibaya kwa vyovyote.

Kingine ni midomo ya herufi. Tazama c, e, s, na tarakimu 3, 6, 9: zina uwazi unaoziacha zipumue. Kwenye Helvetica ncha za midomo hiyo zinapinda mpaka zinakaribia kufunga, na herufi ikiwa ndogo au picha ikififia, c inakuwa o, 3 na 6 zinaelekea kuwa 8. Adrian Frutiger, mbunifu wa Uswisi, alipopewa kazi ya maandishi ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Ufaransa, alifungua midomo hiyo kwa makusudi, kwa sababu mabango ya uwanja wa ndege yanasomwa kutoka mbali, pembeni, na mtu anayetembea haraka. Fonti inayoitwa Frutiger, iliyotoka mwaka 1976, ilizaliwa humo, na fonti nyingi za skrini za leo zinafuata nyayo zake.

Angalia pia a ndogo. Zipo za aina mbili: ile yenye shingo iliyopinda juu ya tumbo, na ile ya mviringo wenye mguu pembeni, kama tunavyoandika kwa mkono. Ya pili iko karibu sana na o. Kwa lugha iliyojaa a kama yetu hilo si jambo dogo: taka na toka, kama na koma, zinatenganishwa na mguu mmoja mwembamba. Wengine huipenda kwa vitabu vya watoto kwa kuwa inafanana na mwandiko wanaofundishwa. Kwa orodha ya majina ya watu, ambamo hakuna sentensi ya kukuokoa, ningechukua ile yenye shingo. Na kumbuka kwamba fonti nyingi zenye serifi hubadilisha a yao ikiwekwa italiki, kwa hiyo ulichokikagua kwenye herufi zilizosimama hakitoshi.

Nafasi kati ya herufi ndiyo inayoamua hatima ya rn na m. Hapa umbo zuri peke yake haliokoi kitu. Herufi zikibanana zinaungana tu. Suala hili linawagusa zaidi watu wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Zipo fonti zilizobuniwa kwa ajili yao, zenye matumbo mazito chini ili b, d, p na q zisigeuke, na wapo wanaozipenda kwa dhati. Lakini tafiti zilizozipima hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba maumbo yenyewe ndiyo yanayosaidia. Kilichoonekana kusaidia ni nafasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia ulikuta kwamba kupanua nafasi kati ya herufi kuliboresha usomaji wao. Nafasi unaweza kuiongeza kwenye fonti yoyote, bila kupakua chochote.

Zipi basi?

Kama hutaki kusakinisha kitu, Verdana inapatikana kwenye kompyuta nyingi. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft ikatoka mwaka 1996, skrini zikiwa bado ni za pikseli chache na kubwa, na kila kitu ndani yake kinaonyesha hofu ya kuchanganywa: I ina vijistari, 1 ina bendera na kikanyagio, nafasi ni pana kiasi kwamba r na n hazigusani. Sifuri yake haina mkato, lakini ni nyembamba kuliko O. Ni fonti nene inayokula karatasi, na wengi wanaiona ya kizamani. Kwa fomu na orodha za namba bado ni hodari. Tahoma ni ndugu yake mwembamba, nayo ina I yenye vijistari.

Iliyotengenezwa kwa lengo hili waziwazi ni Atkinson Hyperlegible, ya Taasisi ya Breli ya Marekani, iliyotoka mwaka 2019 na yenye jina la mwanzilishi wa taasisi hiyo. Wasomaji waliolengwa ni wenye uoni hafifu, watu ambao wanaona umbo la jumla la herufi lakini si undani wake. Badala ya kuzifanya herufi zote ziwe za ukoo mmoja, jambo ambalo wabunifu hulisifia, waliisukuma kila herufi iachane na jirani yake. Ni bure kwa kila mtu. Mwaka 2025 ikaongezewa unene wa ngazi nyingi zaidi na toleo la upana sawa.

Fonti za upana sawa ndizo kimbilio la watengeneza programu. Ndani yake kila alama, iwe i au m, inachukua nafasi ile ile, kwa hiyo rn haiwezi kubanwa ikawa m. Na kwa kuwa mbunifu analazimika kuipanua i na l zijaze nafasi hiyo, anazipa vijistari na mikia bila kusita. Consolas iliyo kwenye Windows na Menlo iliyo kwenye kompyuta za Apple zina sifuri yenye mkato. Source Code Pro ya Adobe ina nukta. DejaVu Sans Mono, inayopatikana sana kwenye Linux, ina kistari kifupi ndani ya sifuri. Usidhani kila fonti ya upana sawa inafaa, hata hivyo. Courier, mrithi wa taipureta za IBM, amerithi pia ugonjwa wa taipureta: l yake na 1 yake zinakaribia kuwa kitu kimoja, na sifuri haina alama yoyote. Bado watu wanaichagua kwa kuwa inaonekana ya kikompyuta.

Kuwa na serifi pia si dhamana. Georgia ni fonti nzuri sana ya kusomea, na I yake haina shaka. Ila tarakimu zake ni za mtindo wa zamani, zinazopanda na kushuka, na sifuri yake ina kimo cha herufi ndogo. Weka 0 ya Georgia karibu na o ndogo uone.

Kazi ikiwa nzito, watu wanachora fonti yao wenyewe. Airbus ilishirikiana na chuo cha usafiri wa anga cha Ufaransa, ENAC, kupata fonti ya skrini za chumba cha rubani. Inaitwa B612 na sasa mtu yeyote anaweza kuipakua. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi kwa namba za magari. Fonti yao, iliyochorwa na Karlgeorg Hoefer, haikulenga tu kusomeka, ililenga isighushiwe: P haigeuki R kwa kuongeza mguu kwa rangi, F haigeuki E, na O na 0 zimepewa maumbo tofauti. Ukiitazama unaona herufi ambazo hazielewani, kana kwamba kila moja imetoka fonti yake. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Na huenda fonti uliyo nayo tayari inaweza zaidi ya unavyodhani. Fonti za kisasa hubeba maumbo ya akiba ndani yake. Inter, kwa mfano, ambayo inatumika kwenye programu na tovuti nyingi, ikiachwa ilivyo ina I na l zinazokaribiana, lakini ndani yake kuna l yenye mkia, I yenye vijistari na sifuri yenye mkato, zikisubiri kuwashwa. Kwenye Microsoft Word baadhi ya maumbo hayo yanapatikana kwenye kidirisha cha fonti, upande wa mipangilio ya kina. LibreOffice nayo ina kitufe chake kwenye kidirisha cha herufi. Kwenye tovuti, mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, yaani font-variant-numeric: slashed-zero, unaweka mkato kwenye sifuri, mradi fonti yenyewe iwe na umbo hilo.

Kuijaribu

Usiamini picha ya matangazo ya fonti, ambayo huwa kubwa kama ukuta. Bandika mstari huu kwenye fonti unayoifikiria:

Il1| O0oQ 5S 8B 2Z 6G rn m cl d vv w ao ce ,. ;: '’`

Uweke kwenye ukubwa utakaoutumia kweli, si mkubwa zaidi. Uutazame kwenye skrini mbovu kuliko zote ulizo nazo. Kama utachapishwa, uchapishe, kisha utoe fotokopi ya ile karatasi, kwa maana hivyo ndivyo utakavyomfikia msomaji. Ujaribu na herufi nzito pia, kwa kuwa unene hula uwazi wa ndani. Halafu mwandikie mtu msimbo wa kubuni wenye alama hizo, umwombe akusomee kwa sauti. Akisita mahali, umepata jibu.

Zile alama tatu za mwisho kwenye mstari zinatuhusu kuliko watu wengi. Ng'ombe, ng'ambo, kung'aa: kila ng' inahitaji kialama, na Word hubadilisha kile cha kibodi kilichonyooka kikawa kilichopinda. Kwa jicho ni kilekile. Kwa programu nyingi ni alama mbili tofauti, kwa hiyo orodha iliyoandikwa na watu wawili inaweza kuwa na ng'ombe wa aina mbili ambao hawakutani kwenye utafutaji. Amua moja, ubadilishe zote kwa mkupuo.

Fonti isipokuwa yako

Unaweza kuchagua fonti nzuri kabisa, ukatuma waraka, na kompyuta ya mpokeaji isiyo na fonti hiyo ikaweka yake. PDF yenye fonti iliyopachikwa ndani inazuia hilo. Kwenye ujumbe wa simu huwezi kulizuia kabisa: unatuma alama, umbo linachaguliwa kule zinakofika, na fonti za kawaida za simu, kama Roboto ya Android, zina I na l zinazofanana sana.

Wenye busara wakaamua kutoka upande mwingine: kama huwezi kutengeneza umbo, acha alama yenye utata. Namba ya utambulisho wa gari, ile yenye alama 17, haitumii kamwe I, O wala Q. Mfumo wa Base32 unaotumika kwenye funguo nyingi za siri unachukua A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 tu. 0, 1 na 8 zimeachwa kwa kuwa zinafanana na O, I na B. Bitcoin ilipoanza, kwa ajili ya anwani zake, ilichukua herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, jumla 62, ikatoa nne, 0, O, I na l, zikabaki 58. Ukitengeneza wewe vocha, namba za siri au nywila za wageni, toa hizohizo. Kupungua kwa machaguo unakufidia kwa kuongeza alama moja au mbili kwenye urefu. Programu nyingi za kutengeneza nywila zina kisanduku cha kuacha alama zinazofanana. Kiweke tiki kama nywila itasomwa na mtu, kiache kama itabandikwa tu.

Wakati mwingine dawa ni nafasi tu. Taasisi ya Marekani inayofuatilia makosa ya dawa, ISMP, inatoa mfano wa Inderal40 mg, jina la dawa likiwa limegandana na kipimo. l ya mwisho inasomeka kama 1, na mgonjwa anayepaswa kupata miligramu 40 anaandaliwa 140. Nafasi moja kabla ya 40 inatosha. Taasisi hiyohiyo inakataza kuandika 1.0 mg, kwa kuwa nukta ikififia inabaki 10.

Kuna mahali ambapo hata Atkinson Hyperlegible haiwezi kitu. Herufi a ya Kilatini na а ya Kikirili, alfabeti inayotumika kwa Kirusi, zina umbo moja, kwa sababu zina asili moja na wabunifu huzichora vilevile. Kwenye Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama namba yake, hata hivyo, ya kwanza ni U+0061 na ya pili ni U+0430. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa usalama alionyesha anwani ya tovuti iliyosomeka kama ya Apple, kumbe herufi zake zote zilikuwa za Kikirili. Vivinjari vimeongeza ulinzi tangu hapo, na anwani ya kutiliwa shaka huonyeshwa ikianza na xn--. Programu ya kutunza nywila inasaidia zaidi ya jicho hapo, kwa kuwa hailinganishi maumbo, inalinganisha alama zenyewe. Ikigoma kujaza nywila kwenye ukurasa unaoonekana kuwa ni uleule wa siku zote, usiijaze kwa mkono. Funga ukurasa, uandike anwani mwenyewe.